Pepo Wangu Amedai Dizeli

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya Maalim na mbele ya simu ya Somoe. Na kwa kuwa huyu Somoe jirani yangu ana bando na hana haya, najua video itawafikia kabla ya jua kuzama. Bora mnisikie mie mwenyewe kwanza.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Zaituni wa Salale, huku kwenye mikoko, ambako dizeli inakuja kwa boti na ikifika nusu yake ni maji na nusu ni maneno ya mwenye boti. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka huu nikachoka kuisubiri hiyo dizeli. Nikaangalia video kwenye simu, nikamfuata kaka yangu anayechomelea mageti Kibiti, tukatengeneza mtambo wa gesi ya kuni. Si kitu cha ajabu. Pipa la kwanza unatia vipande vya mkorosho na vifuu vya nazi, unawasha, unafunika. Moshi wake unapita pipa la pili lenye pumba za mpunga, unachujika, kisha unaingia kwa bomba mpaka kwenye injini. Dizeli unatia kidogo tu, ya kuiamshia. Baada ya hapo injini inakwenda kwa kuni. Kwa kuni! (Nilianza kujiita Injinia. Nilianza hata kuwasahihisha waliosahau kuniita hivyo.)

Watu wakaja kutazama. Wakasifu. Wakarudi majumbani kwao, wakakaa, wakafikiri, na swali likaanza kuzunguka kijiji: "Mashine ya Mama Zaituni haili dizeli. Sasa inakula nini?"

"Inakula wambea," nikawajibu.

Nilicheka sana siku hiyo. Kisha mume wangu akaanza kuugua, na kicheko kikapungua.

Mume wangu Shamte, Baba Zaituni, ndiye anayeshinda mashineni. Tangu mvua zishike tumekuwa tukifunga madirisha ili mpunga wa watu usilowe. Mchana akishazima mashine anajinyoosha juu ya viroba, kwenye kona ya bomba, mahali penye joto joto. Akiamka, kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Nikadhani malaria. Akapimwa, hana. Halafu akaanza kusalimiana na mtu.

"Baba amekuja," akaniambia siku moja, sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mgeni yuko barazani.

"Baba yupi?"

"Baba. Kasimama pale kwenye bomba. Kalowa."

Marehemu baba mkwe alifia kitandani, kiangazi, juu ya godoro kavu. Nikamkumbusha hilo. Akanitazama kwa huruma.

"Kalowa, Mama Zaituni. Anadondosha maji. Hebu sikiliza."

Nikasikiliza. Mashine imezimwa, nje hakuna mvua. Tone. Kimya. Tone. Nikatazama sakafuni chini ya bomba, pana alama ya maji, nyeusi, ndefu kidogo, upana wa unyayo wa mtu.

(Sikukimbia. Nilitoka kwa haraka.)

Sasa tuje leo. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala kuanzia mtoni mpaka mlangoni kwangu. Mikoko huioni, unasikia tu kaa wakikwaruza kwenye matope. Humo ukunguni akatokea Bi Tatu, mama mkwe wangu, kavaa baibui la safari, kamshika kuku wake mweupe miguu juu.

Kuku huyo alikuwa anatamia mashineni, kona ileile. Kafa. Hana jeraha, hana damu, hakutapatapa. Alikutwa kakaa juu ya mayai yake kama anayesubiri yaanguliwe. Na kilemba chake cha kichwani kilikuwa chekundu, chekundu kuliko alipokuwa hai.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umeona wapi maiti akapendeza?" akaniuliza, akanisogezea kuku usoni. "Mwangalie! Kitu kilichomchukua huyu, usiku na mchana kinamwita mwanangu. Maji yakijaa boti inaondoka, na Shamte ataondoka na miye. Anakwenda Mahege kwa mjomba wake. Na mashine yako uifunge."

"Mama, lakini msimu ndio huu wa mavuno..."

"Mavuno utavuna mpunga. Mie nina mwana mmoja."

Nyuma yake Shamte alikuwa ameegemea ukuta, kafumba macho, kakonda. Hakubisha. Mume wangu ni mbishi, hubisha hata mvua ikinyesha, na leo hakufungua mdomo. Hapo moyo ukaniuma. Kumpoteza kwa kumpeleka Mahege nilikuwa naona uzito wake. Kumpoteza kwa njia nyingine sikutaka hata kuwaza. Na bila yeye mie si injinia wala si nani. Ni mwanamke mwenye mapipa mawili.

Nikajishusha. "Mama, nakuomba. Kabla hamjaondoka asomewe dua. Humohumo mashineni. Akishasomewa akikaa pale kwenye kona na akawa salama, abaki. Kichwa kikimuuma, mchukue, na mashine nafunga leo leo."

Bi Tatu akafikiri. "Sawa. Na ubani nitafukiza mwenyewe."

Akaenda kumwita Maalim. Na mie, badala ya kutulia, nikafanya ujanja. (Someni taratibu hapa. Hapa ndipo nilipojichimbia shimo.) Nikaona Maalim akisema amina tu, nizungushe hendeli, mashine iitike, iimbe, Bi Tatu akose la kusema. Nikaenda nyuma ya jengo yalipo mapipa. Nikawasha moto pipa la kwanza, nikatia vifuu vya kutosha, nikaliwashia feni ya betri ilipulize mpaka gesi iive.

Likabaki jambo moja, dizeli ya kuamshia. Nikatikisa dumu. Tupu! Nikamwita Somoe.

"Somoe, mdogo wangu, kaniazimie dizeli kwa shemeji yako, mume wa dada yako. Chupa moja tu. Kimbia."

Akakimbia. Nikabaki na neno hilo moja kichwani. Dizeli. Dizeli. Maalim anakuja, dizeli. Maji yanajaa, dizeli.

Niliposikia sauti zao nikazima feni, nikafunika pipa vizuri, nikaingia ndani nikashika ufagio. Wakaingia Maalim na msahafu wake, Shamte akikokota miguu, na Bi Tatu na chetezo chenye makaa mekundu. Mwisho akaingia Somoe. Mkononi ana simu.

"Dizeli iko wapi?" nikamnong'oneza.

"Shemeji hayupo. Ila nimekuja kurekodi, iwe kumbukumbu."

Bi Tatu akafunga mlango. Akafunga madirisha. Huku kwetu nyumba ikifukizwa ubani haiachwi wazi, ubani lazima ukae, uingie ukutani, uingie kwenye nguo. Penye upenyo chini ya mlango akasokomeza kiroba. Kwenye tundu la dirisha akasokomeza khanga, na alipokosa khanga ya kusokomeza akanivua ya kwangu ya kichwani. Ndani pakawa giza la mchana, lile ambalo unaona weupe wa kanzu ya Maalim na wekundu wa makaa, basi.

Maalim akaanza kusoma. Ana sauti nzuri Maalim, sauti ya kutuliza. Ubani ukapanda, ukafunika harufu ya pumba, ukafunika harufu ya moshi wa pipa langu, ukafunika kila kitu. Mie nilisimama karibu na bomba ili niwe jirani na hendeli.

Tone. Kimya. Tone.

Nikajiambia, hiyo ni mvua. Nikakumbuka mvua hakuna.

Baada ya muda Maalim akasita. Akarudi nyuma, akasoma tena pale alipokwishasoma. Akapitisha mkono usoni. "Hapa ndani pazito," akasema taratibu. Maalim anasoma bila kutazama msahafu tangu mie sijaolewa, na leo alikuwa anafuatisha kwa kidole. Somoe akapiga miayo. Shamte akatabasamu, akitazama bomba.

"Karibu, baba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mie mwenyewe, mcheka wambea, nywele zilinisimama. Kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma nyuma ya macho, na miguu naiona iko mbali, kama ya mtu mwingine. Nikageuza shingo polepole kuelekea kwenye bomba.

Na mie nikamwona.

Amesimama. Kanzu imemganda mwilini. Maji yanamtoka kwenye mikono, yanadondoka sakafuni, tone kwa tone. Uso siuoni vizuri. Lakini akainamisha kichwa vile alivyokuwa akikiinamisha akitaka kunitania, akasema, "Bi Harusi." Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita marehemu, tangu siku niliyoolewa mpaka siku aliyofariki, hata nilipokwisha kuzaa na kunenepa. "Bi Harusi. Toka nje."

Nilitaka kupiga kelele. Kilichotoka ni mlio wa mbuzi. (Video ipo. Msinisumbue kuthibitisha.)

Bi Tatu akageuka kwa furaha kubwa. Furaha, nawaambia! Alikuwa anasubiri mtu apandwe na pepo tangu alipoingia, na hakutegemea kama angekuwa mie. Akaniwahi, akanishika bega, akanisogezea chetezo puani.

"Karibu, mgeni wetu, karibu! Umetoka mbali. Sema, tukupe nini ututolee mwanetu?"

Huku kwetu pepo akipanda huulizwa haja yake. Wengine hudai marashi, wengine khanga mpya, wengine mbuzi mweusi. Pepo mwenye heshima zake anajua cha kudai. Mie kichwani nilikuwa na neno moja tu tangu asubuhi.

"Dizeli," nikasema.

Hata Maalim akaacha kusoma.

"Amesema nini?" Somoe akauliza, akasogeza simu.

"Dizeli," Bi Tatu akamwambia, kama mkalimani. Kisha akanigeukia kwa adabu zote. "Dizeli hatuna, mgeni wetu. Pokea marashi."

"Sitaki marashi. Nataka dizeli."

"Tukupe na kuku?"

"Kuku kafa."

"Subhanallah!" akasema Bi Tatu. "Anajua mpaka habari ya kuku! Jina lako nani, ewe mgeni?"

"Pipa," nikajibu.

Nikainua mkono, nikaonyesha kwenye kona. "Yule pale. Kalowa."

Bi Tatu hakuogopa. Huyu mama hajawahi kuogopa kitu mbele ya mwanawe. Akaninyang'anya nafasi, akanyoosha chetezo chake mbele, akasogea mpaka kwenye bomba, pale linapoungana na jingine, akakiinua juu.

Pwaa!

Moto ukasimama juu ya bomba. Wa bluu. Hauna utambi, hauna kuni, hautoi moshi. Umesimama wima kwenye chuma kitupu, unatikisika kidogo, na uso wa Bi Tatu ukawa wa bluu.

Jamani. Maalim namheshimu, ni mtu wa mwendo wa polepole, na sitasema alitoka vipi. Nitasema tu kwamba dirisha lilifunguliwa na mlango ulikuwa haujafunguliwa bado. Mlango aliufungua Somoe, kwa bega. Nami nikamfuata Somoe, nikampita, nikapita uwanja, nikapita mitumbwi, nikashtukia nimo kwenye tope la mto mpaka kiunoni. Khanga ya kiunoni ilibaki kwenye msumari wa mlango, inapepea. Nashukuru nilivaa gauni ndani. Gauni la zamani, lenye kiraka mahali pabaya, lakini gauni.

Hewa ya mtoni ikaniingia kifuani. Baridi, na harufu ya matope ya mikoko, sijawahi kuipenda kama leo. Nikavuta, nikavuta tena. Akili ikaanza kurudi.

Kwa pale nilipokwama niliuona mlango uko wazi na ndani yake ule moto wa bluu. Nikautazama. Mbona naujua? Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini nafungua tundu la kujaribia huko nje, nasogeza kiberiti, na moto ukisimama wa bluu nasema gesi imeiva. Ni uleule! Ile ni gesi yangu. Inatokea kwenye kiungio ambacho nilikiziba kwa mikono yangu, kwa udongo wa mfinyanzi na vipande vya mpira wa baiskeli. Udongo umekauka, umepasuka. Injini ikiwaka inavuta, gesi yote inakwenda kwake, hakuna anayedhurika. Injini ikizimwa, pipa linaendelea kuiva, na gesi inatafuta pa kutokea. Inatokea kwenye kona ya joto joto, pale mume wangu anapojinyoosha, madirisha yamefungwa. Na leo nimewasha pipa, sijawasha injini, nimewafungia humo watu wote.

Nikatazama uwanjani. Maalim yupo, kakaa chini, anashika kichwa. Somoe yupo, anarekodi. Shamte hayupo. Bi Tatu hayupo.

Sijui nilitokaje kwenye lile tope. Kandambili moja bado imo. Nilikimbia nikilia kwa sauti, nikimwita Shamte kwa jina lake la utotoni ambalo mbele ya watu sijawahi kulitaja. Ndani nikamkuta Bi Tatu kampitishia mwanawe mikono kwapani, anamburuta kinyumenyume, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Moto wa bluu uko juu ya kichwa chake. Hakuwa amekimbia hata kidogo. Shamte kichwa kimemlegea, mashavu mekundu, kapendeza. Kapendeza kama yule kuku. Nilipoona vile nilihisi baridi mpaka kwenye meno.

Nikashika miguu. Tukamtoa, tukamlaza uwanjani penye upepo. Nikazunguka nyuma nikafunga matundu yote ya hewa ya pipa mpaka likazimika. Niliporudi Bi Tatu alikuwa anampepea kwa baibui lake la safari.

"Baba Zaituni," nikamwita. "Baba Zaituni, nijibu. Nibishie basi."

Akafungua macho. Akatapika. Akanitazama nilivyojaa matope, akanitazama gauni, akanitazama kiraka.

"Hilo gauni si nilikwambia ulitupe?" akasema.

Nikalia tena. Nikalia mbele ya watu, makamasi na matope, na sijutii hata chozi moja.

Boti ya safari ya Bi Tatu ikatufaa, tukampeleka zahanati. Mhudumu akamlaza penye hewa, akatueleza kwamba gesi ile haionekani, inalevya, inaumiza kichwa, inawaonyesha watu wasiokuwepo, na ikizidi inalaza moja kwa moja. Jioni hii amekunywa uji na ameshabisha mara kadhaa. Yuko salama, alhamdulillah.

Njiani tukirudi na Shamte, nikamweleza Bi Tatu kila kitu. Yale maji ni mvuke wa kuni, unapoa kwenye bomba, unadondoka. Alama ya sakafuni ni maji hayo. Kuku ni gesi. Kichwa ni gesi. Nikamwambia, "Mama, hapakuwa na jini. Palikuwa na ufa."

Akatazama mikoko inavyopita.

"Nilikwambia mna kitu humo ndani kinamtaka mwanangu," akasema. "Wewe umekijua jina. Haya. Lakini aliyekuwa sahihi nani?"

"Wewe, mama."

"Basi hilo pipa lako na mashine yako vihamie nje, chini ya paa lisilo na ukuta. Na mwanangu asilale tena karibu navyo."

"Ndiyo, mama." (Injinia gani tena? Injinia ni yeye. Ufa wangu kauona kwa chetezo.)

Kijijini habari ilikuwa imenitangulia. Vijana wameshaniita Pepo Dizeli. Kuna mtu kaweka kichupa cha dizeli mlangoni kwangu, kimefungwa utepe mweupe kama sadaka. Somoe anasema video inapendwa.

Bado kuna kimoja kinanisumbua ninapoandika hapa barazani. Mhudumu kasema yale niliyoyaona ni kichwa changu mwenyewe, na namwamini. Shamte amemwona baba yake siku zote hizo, na baba hajawahi kumwambia neno. Mie kaniambia nitoke nje. Nikifikiri sana nasikia ile "Bi Harusi" yake, basi nasoma Fatiha nampelekea.

Kucheka, ruhusa. Ila nawaomba, kila mwenye kucheka leo akachekee nje, penye hewa.